Jiwe la Kusagia Kutoka Kwa Mughwai

Kinyangiri,
Mkalama, Singida.
14 Juni 2025.

Mpendwa Bibi Evodia,

Shikamoo. Habari za Itigi? Goti limepungua kuuma? Na nyuki wa Babu Calist wamerudi mzingani? Sisi huku ni wazima, ila baridi ya asubuhi inatukohoza. Alizeti tumeshavuna.

Bibi, shuleni tunafundishwa tusiandike barua tukiwa na hasira. Nimesubiri ipoe, imekataa.

Mwalimu wetu wa jiografia, Mwalimu Yunisi, alituletea ramani ya huku kwetu iliyochorwa kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa. Pale ambapo ramani ya sasa ni nyeupe tupu, ile ya zamani ina vidoti vya nyumba na jina: Kwa Mughwai. Nilirukaruka kwa furaha. Ndiko ulikozaliwa!

Mwalimu akatupeleka kupatafuta. Minyaa iliyokuwa ua wa maboma yenu bado imesimama kwa duara, na pa kupitishia ng'ombe pako wazi vilevile.

Lakini katikati yake wajenzi wa barabara wamechimba shimo la moramu. Humo mna chupa za mkojo, nepi chafu na mifupa ya kuku. Tairi la tipa lilikuwa limezuiwa kwa jiwe la kusagia. Nilipomwambia dereva kwamba hapo palikuwa nyumbani kwa watu, alicheka.

"Watu gani, dada? Mbona hawakuacha hata choo?"

Nikainama kulitazama lile jiwe.

Aliyewaruhusu ni mwenyekiti wetu wa kitongoji, Festo. Baba na Mwalimu walimpelekea ramani mbele ya watu. Akasema, "Mwalimu, hivyo vidoti ni vichuguu. Hapo ni pori tangu dunia iumbwe." Watu wakacheka. Na marehemu baba yake alizaliwa huko huko! Baba alitema mate chini, akaondoka.

Bibi, Krismasi ile ulinisimulia kwamba mwanamke wa ukoo wetu akizikwa, kaburi lake lilikuwa likiwekewa jiwe lake mwenyewe la kusagia, uso chini, ili asilitumie mwingine. Ukasema la mama yako lilikuwa limemeguka pembeni. Hili nalo limemeguka pembeni. Nilimuuliza dereva alikolitoa. "Kule kona, minyaa inakoishia, lilikuwa limelala kifudifudi. Chukua ukasage uji."

Mimi na rafiki yangu Sikudhani tulilisukuma kwa toroli hadi nyumbani. Mama ameliosha na kulilaza barazani, uso chini. Hakuna anayelikalia.

Ile kona haijachimbwa bado. Ina majani. Ila Jumamosi ya tarehe 28 kuna mkutano wa kijiji, na hao wachimbaji wanaomba waongezewe eneo mpaka kwenye minyaa ya mwisho. Kona itakwenda. Waliozaliwa huko wote wamekufa, umebaki wewe. Ramani wameicheka, lakini wewe Festo hawezi kukuita kichuguu.

Njoo, Bibi. Baba atakupokea Iguguno. Usimame mkutanoni useme nani alikaa wapi, halafu utuonyeshe mahali penyewe, tumrudishie mama yako jiwe lake.

Nisalimie Babu Calist, Shangazi Saada na watoto wake. Mama anakusalimu sana. Mungu akutangulie safarini, alishike na hilo goti mpaka utakapofika pale kona.

Mimi mjukuu wako nikupendaye na kukungoja,
Raheli Hezekia