Kiitikio Kilichomezwa

Jumatano, 8 Machi 2006
Asubuhi ya mawingu, joto. Chavua ya misonobari imetanda manjano juu ya magari yote ya mji wa Jackson.

Nimemaliza kuchanganya sauti za wimbo wa nane, wa mwisho katika albamu ya kwanza ya Javoris. Kesho DJ Spoon ataupiga klabuni. Mtu wa kampuni ya muziki ya Atlanta atakuwepo: sakafu ikijaa, anatia saini; isipojaa, miaka yetu miwili inaingia kabatini.

Lakeitha, aliyeimba kiitikio, amekuja kukisikiliza. Nimeipasua sauti yake pande mbili, kushoto na kulia, na upande mmoja nikaugeuza kinyume, wimbi lake lipande pale la mwenzake linaposhuka, ili sauti itanuke. Kwenye hedifoni — asali! Amelia. "Dada Vernita, huyo kweli mimi?" Ameomba ruhusa ya kesho kwenye kiwanda cha samaki, kule anakopasua kambare.

Javoris ameujaribu garini. Besi imetikisa kibao cha namba mpaka skrubu moja ikadondoka. Amefurahi kama kapewa gari jipya.

Alhamisi, 9 Machi
Mvua. Sijala. Lakeitha amenunua viatu vyekundu.

Ijumaa, 10 Machi
Mvua imekatika, upepo. Niandike kwa utaratibu.

Saa sita usiku Spoon aliupiga. Beti ya kwanza sawa, besi sawa, sakafu imejaa. Kikafika kiitikio — hakuna! Ngoma zinalia, Lakeitha hayupo. Nikajua hapo hapo. Spika za klabu huunganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Nusu zangu mbili zilikutana zikamezana. Nilishawahi kulisoma hilo, nikaliandika daftarini, na bado sikulipima! Niliamini gari, ambalo spika zake za kushoto na kulia haziungani.

Watu wakaacha kucheza. Javoris alinitazama kama anataka kunichinja. Halafu mwanamke mmoja kule baa akapaza maneno ya kiitikio — anayajua kutoka CD za majaribio tulizogawa maegeshoni mwezi uliopita. Meza yake ikamfuata. Kisha klabu nzima! Spoon akaurudisha mara tatu.

Mtu wa Atlanta alinishika bega. "Nani kabuni kuacha lile pengo, watu walijaze? Usiguse kitu, dada. Jumatatu inakwenda kiwanda cha CD hivyo hivyo." Javoris akadakia, "Si nilikwambia? Huyu mchawi!" Nikapokea sifa. Hilo ndilo kosa langu la pili.

Lakeitha alikuwa pembeni yangu, anacheka. "Spoon kanizima, mshenzi yule! Lakini kwenye albamu si nipo?"

Nikasema upo.

Nimerudi alfajiri. Kurekebisha kumechukua dakika kumi. Sasa nina diski mbili mezani: moja Lakeitha anasikika kila mahali, moja kama ilivyopigwa jana. Javoris anakuja saa sita mchana kuchukua moja ya kupeleka kiwandani. Nimempigia, nimemweleza yote. Amejibu: "Vee, sakafu imeshasema. Keitha tutamweka wimbo mwingine." Hakuna wimbo mwingine — na yeye anajua.

Lakeitha amepiga simu mara mbili. Sijapokea. Ameacha ujumbe: mama yake anauliza ni wimbo namba ngapi, awaambie kanisani.

Sijawahi kuacha diski bila maandishi. Nimeandika zote mbili, tarehe na saa. Ile yenye sauti ya Lakeitha nimeiweka juu, Javoris aikute kwanza. Nimeishusha. Nimeirudisha.

Saa nne na nusu asubuhi. Nalala.