Neno Lako juu ya Namba Kumi

Tata Ngoie,

Nilikupoteza Jumanne, wiki tatu zilizopita, saa nane mchana, na sikukuzika. Nayaandika hayo mawili kwanza ili yasinizuie mbele. Siku ya mazishi yako vijana walikuwa wamefunga njia ya makaburini kwa magogo, wanamuuliza kila mwanaume jina la baba yake, wapate kuwatambua watu wa Kasai tunaofukuzwa. Jina la baba yangu unalijua, na unajua linatoka Kasai hata kama mimi mwenyewe nimezaliwa hapa Kolwezi. Nilifika kwenye bomba la maji, pale mwisho wa mtaa wa Kapata. Nikasikia wanawake wanalia. Nikageuka. Zilibaki hatua mia tatu, labda mia tatu na ishirini. Miaka kumi na tisa ya urafiki, na hatua mia tatu zimenishinda.

Wewe ungesema: "Mbuyi, hata leo unahesabu?" Ndiyo, Tata. Nahesabu. Nisipohesabu nitapiga kelele.

Sikia basi habari. Mlango wangu uliandikwa kwa makaa, na tangu Jumamosi analala humo mtu mwingine. Duka la vipuri vya baiskeli, nililolianza na pampu moja ya kuazima, wamelibeba hadi rafu. Mke wangu na watoto wameondoka na treni ya wiki jana. Mimi nimebaki hapa gareni, kwenye kituo cha treni, kati ya masufuria na magodoro ya watu, ninaitwa mdudu na watoto niliowazibia matairi. Bilulu, wanatuita. Nimebaki kwa ajili ya mtu mmoja tu, na ni juu yake nakuandikia: Kabeya, namba kumi wa timu yetu.

Amekaa hapa kando, anafunga kamba za viatu, anafungua, anafunga tena. Ana miaka kumi na tisa na msimu mmoja tu miguuni. Njia zake ni mbili. Ya kwanza, apande treni pamoja nami kwenda Kasai, nchi ambayo hajaiona na lugha yake anaivunja kila neno la tatu. Na tangu juzi tumeona wanavyowashusha hapo, kutoka treni zinazopita, wale ambao hawakufika wazima. Ya pili ni lori la kesho. Mjomba wake, kaka wa mama yake, yuko Lubudi, mtu wa reli, na timu ya reli iko tayari kumpokea na kumwita kwa jina la ukoo wa mama, ukoo usiofukuzwa. Njia hiyo ni nzuri kwa sharti moja, na sharti hilo wewe ungelielewa kabla sijalimaliza: mchezaji wa kweli, mji mzima unamficha. Mchezaji wa kawaida, mtu mmoja akikasirika kwa kufungwa mabao mawili, anamtaja kwa jina la baba yake.

Kwa hiyo ule ubishi wetu wa msimu mzima si ubishi tena. Kama Kabeya ni yule uliyemwona wewe, aende Lubudi. Kama ni yule niliyemhesabu mimi, Lubudi ni kumpeleka kuuawa.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa ukutani, upande wa jua, karanga katikati yetu? Mimi na daftari, wewe na koo. Ulikuwa unapiga kelele kabla mpira haujaondoka mguuni mwake. "Ule mutoto eko anaona matchi ya kesho!" Nami nachora alama: umefika, haukufika. Mechi kumi na nane sikukosa hata moja. Nilikuambia mzunguko wa kwanza kijana ni mzuri, wa pili ameporomoka. Ulikataa hata kutazama ukurasa. "Weye unahesabu kwenye mupira unafika. Uhesabu kwenye mutu alipashwa kufika." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeishiwa hoja.

Halafu kikafika kile kikao. Mtu wa mbali angetushangaa, lakini sisi ndivyo tunavyofanya: msimu ukiisha, komite ya basapota, yaani mashabiki, inakaa na kumjadili kila mchezaji mpya, kwa sababu tangu mishahara ya kampuni ya migodi isimame, basapota ndio wanaowalisha wachezaji, na unga hautoshi wote. Mzee mmoja anaweka kofia yake juu ya meza kwa ajili ya mpya. Maana yake: mimi ndiye ninayemjibia, akianguka mnicheke mimi. Uliweka kofia yako ngumu ya mgodini, ile yenye ufa, hata kabla jina la Kabeya halijamaliza kusomwa. Watu wakapiga makofi. Kisha Jonas, fundi wa redio, akanigeukia na lile tabasamu lake. "Mbuyi, na bibi yako unamuhesabiaka mboga? Tusomee basi kaye kadaftari."

Ningeweza kusema daftari limebaki nyumbani. Lilikuwa mfukoni. Nikasoma. Mzunguko wa kwanza, pasi zilizopotea sitini na moja. Wa pili, mia moja na kumi na nane. Nikasema sitasimama kwa ajili yake mwaka huu, tumngoje. Nilisema tumngoje, Tata. Wewe ulikuwepo, ulisikia. Lakini Jonas alikuwa ameshasimama juu ya benchi. "Munasikia? Mukasai mwenzake njo anasema hafai, hapana miye! Sasa siye tunamulisha juu ya nini?" Na nyuma mtu akajibu, "Balishane bo kwa bo!" Yaani, walishane wao kwa wao. Wakacheka. Ulipiga meza mpaka kofia ikaruka, ukasema hapa tunazungumza mpira, si baba za watu. Hakuna aliyekusikia. Jezi ya Kabeya ilichukuliwa siku ileile. Wiki moja baadaye makaa yalianza kuandika milango, na wa kwanza ulikuwa wa mama yake Kabeya, kwa sababu ya jina la mumewe.

Sisemi daftari langu ndilo lililotufukuza. Mimi si mjinga. Wangetufukuza hata bila hesabu. Redio na mikutano ilikuwa imeshafanya kazi yake. Ila siku ile walihitaji kitu kinachofanana na haki, na mimi niliwakabidhi kikiwa kimejumlishwa. Hilo linaniuma kuliko duka. Nilijifunza hesabu peke yangu, kwa taa ya koroboi, ili mtu asinidanganye. Sikujua kwamba hesabu sahihi inaweza kumfanyia kazi mwongo.

Hapa gareni nina muda. Nimelifungua daftari upya. Unajua nilikuwa naweka alama upande ule mpira ulikokwenda. Katika zile mia moja na kumi na nane, sabini na nne zilikwenda kulia. Kulia, kwa Mukendi, winga wetu! Nikamtafuta Mukendi, naye yuko hapa, godoro la tano kutoka langu, nikamuuliza. Akatazama chini. Akaniambia mzunguko wote wa pili alikuwa anabeba makaa ya kuuza kila Jumapili kabla ya mechi, kutoka porini, kilomita kumi na nne kwenda na kurudi, na kwao walikuwa wanakula mara moja kwa siku. "Mupira nilikuwa nauona, Tata Mbuyi. Miguu njo ilikuwa inakatala." Kumbe mpira ulifika pale ambapo mtu alipaswa kufika.

Nilitaka kukukimbilia kukuambia. Nilisimama kabisa, nikachukua hata kofia. Halafu nikakumbuka.

Lakini ngoja, maana mimi ni mtu wa kumaliza hesabu. Katika zile sitini na moja za mwanzo, za kulia zilikuwa kumi na tano. Toa kulia pande zote mbili: zinabaki arobaini na sita mwanzo, arobaini na nne mwisho. Ni sawasawa. Kijana hakuporomoka, hapo nilikosea, nakiri. Ila pia hakupanda. Daftari haliniambii kama ni mkubwa. Linaniambia tu kwamba mimi si hakimu.

Ningekuamini wewe basi, na mambo yangeisha, kama si swali moja. Dereva wa lori alikuja jana, mtu wa Lubudi, anaijua desturi yetu kwa sababu nao wanayo. Hakuuliza Kabeya amefunga mabao mangapi. Aliuliza hivi: "Neno ya mwisho ya Tata Ngoie juu yake ilikuwa nini?" Kwao, aliyeweka kofia akifa, kofia yake haihesabiki, linalohesabika ni neno lake la mwisho. Na neno lako la mwisho nililisikia mimi peke yangu.

Uliniambia hospitalini, Jumapili, siku mbili kabla. Nilikuletea uji, ukanywa vijiko vinne. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kukuambia kwamba wameniandikia mlango. Ukasukuma uji pembeni. Halafu ukanishika mkono: "Mbuyi, pengine weye njo ulikuwa na haki. Mutoto angali mubichi."

Nilikasirika, na hukujua. Nilikuaga haraka, nikasema naenda kutafuta chumvi. Nilikasirika kwa sababu msimu mzima nilitamani kusikia maneno hayo, na ulipoyasema yalikuwa mepesi mno mdomoni mwako. Ulinipa haki kama mtu anavyompa mgeni kiti. Napoteza nyumba, basi angalau nishinde ubishi. Ndivyo ilivyokuwa? Ao homa ilikuondolea upendo, ukamwona kijana bila makelele, ukasema kweli? Nimeligeuza hilo neno siku ishirini na tatu. Sipati.

Dereva nilimwambia nitamjibu asubuhi ya safari. Ningeweza kumdanganya. Ningesema tu, "Aliweka kofia, hakuiondoa," na kijana angepanda lori. Lakini mara moja nimeshamsemea Kabeya mbele za watu bila kujua ninachokisema. Siwezi mara ya pili.

Mama Feza, mke wako, anaruhusiwa kupita makaburini. Ukoo wake hauulizwi. Leo alasiri atakuja kuchukua barua hii na kukusomea pale ulipolala. Anasema unamjia usingizini karibu kila usiku na kumuuliza habari za kuku. Sawa. Usiku wa leo waache kuku, umpe jibu aniletee. Mimi unajua siamini ndoto. Lakini nimeamini jumla ambazo hazikuwa kweli, basi niamini na hiyo moja.

Lala salama, Tata yangu. Hakuna mtu aliyenibishia kwa heshima kama wewe, na huko ninakokwenda sijui nitabishana na nani. Nakuahidi hili: kesho, lori ao treni, kwanza nitamwambia Kabeya kwa mdomo wangu kwamba nilimhesabu vibaya, na Mukendi atakuwa amesimama hapo. Na daftari nitampa yeye, si Jonas, si komite.

Sasa nijibu, usinizungushe. Lori linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mama Feza atakuwa hapa gareni saa kumi na moja na nusu. Kati ya neno la kikaoni na neno la kitandani, la kweli ni lipi? Ulikiona kile kipaji, ao ulikuwa unatuhurumia, yeye kwanza, mimi mwisho? Nataka neno moja. Saa kumi na moja na nusu, Tata, si baadaye.

Mbuyi