Tulikula Mbuzi wa Columbus, Sasa Wanamtaka Shemeji Yangu

Kosa la viongozi wengi wa timu ni hili: mchezaji wa jirani wanamhesabia mazuri yake, wa kwao wanamhesabia makosa yake, halafu wanashangaa mizani ikilala upande mmoja. Barua ya juma hili imetoka Louisville. Nimeichapa yote, isipokuwa pale mwandishi alipotukana.

*

Mpendwa Mwalimu Byamungu, naomba msaada wako na naomba usicheke, maana kanisa zima limeshacheka. Mimi ni mwenyekiti wa timu ya mpira wa kikapu ya vijana wetu wa Kongo hapa Louisville, na nilichaguliwa kwa sababu naangalia sana michezo ya Wamarekani kwenye simu, nasikia jinsi wakubwa wa timu zao wanavyokaa na kuamua huyu abaki, huyu tumbadilishe na yule, nami nikajisemea, bon, hata sisi tunaweza. Sasa tuna mchezaji mmoja anaitwa Mutware, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu Kirezi. Mwaka jana kwenye fainali na Columbus tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache, Mutware ana mpira, kazi yake ni kuukumbatia tu, akatokea Sylveri, mwenyekiti wa Columbus, ambaye pia anaichezea timu yake ingawa ana tumbo na mvi, akanyoosha mkono akasema, "Mdogo wangu, lete hapa," na Mutware, Mwalimu, akampa. Akampa kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayempa mzee kikombe cha chai. Sylveri akafunga. Nilipomuuliza Mutware kwa nini, akasema, "Shemeji, yule ni mkubwa kwangu, ningemnyimaje?"

Tangu siku hiyo moyo wangu haukutulia, kwa hiyo Sylveri aliponipigia simu mwezi uliopita akasema yuko tayari kunipa Nshuti, kijana wa mita mbili anayefunga kutoka mbali kama anatupa ganda la ndizi, nami nimpe Mutware, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nikawaambia kamati kwamba tutakachokosa ni kidogo tu, kwamba Mutware ndiye anayeendesha gari la timu, ndiye mwenye ufunguo wa jimu, ule ukumbi wetu wa mazoezi, na ndiye anayewapigia vijana simu asubuhi mpaka waamke, lakini hayo si mpira, hayo mtu yeyote anaweza. Kamati ikapiga makofi.

Sasa Sylveri ni mtu wa adabu, akasema mtoto wa watu hachukuliwi kwa simu. Akaja kutoka Columbus na wazee wenzake, wote wamevaa suti, na kreti za Fanta, na mbuzi aliyechinjwa yuko kwenye sanduku la barafu. Mama mkwe wangu, Nyirabeza, anaishi nasi, na mimi sikuwa nimemweleza kitu. Alipoona suti na Fanta akajua ni posa. Akaingia chumbani, akatoka amevaa nguo za sherehe, akaketi.

Wazee wakasema, "Mama, tumekuja kumwomba kijana wenu Mutware."

"Aoe kwenu?"

Sylveri akasema, "Hapana, mama. Aje akae kwetu."

"Akae kwenu mpaka lini?"

"Daima, Mungu akipenda."

Mama akaliangalia lile sanduku la barafu, kisha akaniangalia mimi. "Mtoto wa kiume anaondoka daima, na hawa wameleta mbuzi? Ng'ombe wako wapi?"

Nilidhani anatania, nikacheka. Hakuwa anatania. Lakini donc, nyama ilikuwa imeshaingia jikoni, tukala, na katika kula tukatoa hotuba za kumuaga Mutware, mimi mwenyewe nikasema jimbo zima la Kentucky halina kijana kama yeye, na nikalia kidogo, na tangu Sylveri aisikie hotuba hiyo anasema hata nikimpa wachezaji watatu hakubali kumwacha.

Na Nshuti ameshahamia. Kazini kwake wamemhamishia ghala lao la huku, analala kwenye kochi langu, kichwa kiko sebuleni na miguu inakaribia jikoni. Juzi mazoezini nikamwambia, "Mashindano ya Buffalo, Jumamosi ijayo, utawaonyesha."

Akasema, "Jumamosi? Prezida, Jumamosi niko kazini. Zamu yangu ni Ijumaa mpaka Jumapili."

"Na kule Columbus?"

"Hata kule ilikuwa hivyo."

"Sasa ulikuwa unacheza lini?"

"Jumanne. Kwenye mazoezi nafunga sana."

Mwalimu, mke wangu hajaninyima chakula, lakini siku hizi haniiti jina langu. "Prezida, ugali uko mezani. Prezida, toa takataka." Mama amesema Mutware hatoki mpaka yeye aone ng'ombe kwa macho yake, Sylveri anasema aliyekula mbuzi ameshatia sahihi na Ijumaa ijayo anakuja kumchukua, kamati wanasema wao walipiga makofi tu, na Mutware nilipomwambia amebadilishwa alisema, "Sawa, shemeji," akanirudishia ufunguo wa jimu kwa mikono miwili. Sijui nimzuie, nimwache aende, au nianze kutafuta ng'ombe. Nisaidie.

Mwenyekiti, Louisville

*

Mwenyekiti, mwanangu,

Pole. Uliomba nisicheke, nami nilijikaza vizuri mpaka nilipofika kwenye kikombe cha chai.

Sasa kaa nikueleze. Unasema umewaiga wakubwa wa timu za kulipwa. Hukuwaiga, uliwatazama tu, na mtu aliyetazama upasuaji kwenye simu hapewi kisu. Wale watu kabla ya kumtoa mchezaji hukaa na mahesabu ya kuchosha kabisa. Ana umri gani, goti lake likoje, mkataba wake unaisha lini, wenzake wanachezaje yeye akiwa uwanjani na wanachezaje akiwa amekaa, na akiondoka kazi zake zitamwangukia nani. Na wakiletewa mtu mzuri kwa bei rahisi, hawapigi makofi. Wanauliza kwa nini mwenyewe anamtoa.

Swali moja lingekuokoa: "Kijana, unafanya kazi siku gani?" Huku maisha yetu yote yanakwenda kwa zamu, nawe unalijua hilo. Hapa kwetu Buffalo, mtaa wa East Side, nimeona kwaya ikipoteza sauti ya tatu nzima kwa sababu kiwanda kimoja kilibadilisha ratiba. Wanasema urefu haufundishiki, na ni kweli. Lakini Jumamosi nayo haifundishiki. Mchezaji wa mita mbili aliye ghalani hazuii mpira wa mtu yeyote Buffalo.

Kisha Mutware. Umeandika kwa mkono wako kwamba anaendesha, anafungua, anaamsha, halafu ukaongeza "hayo si mpira." Mtoe huyo, na siku ya mashindano timu yako itakuwa vijana watano waliolala kwenye vitanda vitano huko Louisville. Sylveri ameliona hilo. Mzee mwenye tumbo hakai garini zaidi ya saa tatu, amevaa suti, na mbuzi nyuma, kumfuata mchezaji mbaya. Wewe ulihitaji hotuba ya kumuaga ndipo useme thamani yake, na ukaisema mbele ya mnunuzi!

Lile kosa la fainali linatibika. Mwambie kwamba refa akipuliza kuanza, umri unakaa nje na mabegi, na akipuliza kumaliza, Mutware ana ruhusa ya kumpa Sylveri mpira, maji na kiti. Kwenye mazoezi mlete mzee mmoja wa kanisa amwombe mpira kwa upole, naye amnyime, tena na tena, mpaka aizoee dhambi hiyo.

Lakini nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali Mutware alipoulizwa anataka nini, na sikupaona. Uliongea na Sylveri, na kamati, na wazee wenye suti. Utaniambia wachezaji wa kulipwa nao mara nyingi hawaulizwi. Ndiyo, lakini wao walitia sahihi, na wanalipwa vizuri kuvumilia. Mutware anajinunulia viatu. Na hilo "Sawa, shemeji" usilihesabu kuwa ni kukubali. Wewe ni mume wa dada yake, ni mkubwa kwake. Ulinyoosha mkono ukasema lete hapa, akaleta. Hicho ndicho ulichotaka kumfukuzia, nawe umekitumia juu yake bila aibu.

Huenda anataka kubaki. Huenda pia amechoka kuamsha watoto wa watu, na huko Columbus kuna chumba, na kazi, na, nani ajuaye, binti wa mtu, na mama mkwe wako akapata posa yake ya kweli. Akitaka kwenda, utamsindikiza mwenyewe, na gari utaliendesha wewe. Akitaka kubaki, utampigia Sylveri umwambie mabadilishano yamekufa, na kwamba umeyaua wewe.

Atakutajia mbuzi. Mbuzi si sahihi, hasa mbuzi ambaye waliomleta walimla pamoja nawe, na Sylveri anajua hivyo, anakupima tu. Njoo Buffalo na mbuzi wako wa kumlipa, tutamla timu zote tatu, yenu, yake na yetu, baada ya mchezo. Nina rafiki huko Amherst, jirani na hapa, mwenye uwanja mkubwa nyuma ya nyumba na jiko la mkaa ambalo hajawahi kuliwasha.

Nshuti usimfukuze. Hajakudanganya, hakuulizwa. Mtafutie godoro refu, na aombe kazini wambadilishie zamu kwa ajili ya mwaka ujao.

Na Nyirabeza usimcheke tena. Katika mkasa huu wote ndiye peke yake aliyefanya kazi ya mkubwa wa timu. Aliuliza kijana anaondoka kwa muda gani, akaangalia kilicholetwa, akaona hakitoshi, akakataa. Mwombe radhi kwa kumwacha avae nguo za sherehe kwa ajili ya biashara yako, kisha mpe kiti kwenye kamati badala ya mmoja wa wale wapiga makofi. Kirezi atarudi kukuita jina lako wakati wake ukifika. Usimharakishe.

Leo, ukitoka kazini, nenda kwa Mutware peke yako, muulize anataka kucheza wapi, kisha nyamaza mpaka amalize kujibu.

Mwalimu Byamungu, Buffalo