Maganga Anaendesha Kazi

Jumatatu, 4 Novemba

Mradi umefungwa tena. Nimeandika amri yangu, dirisha jeusi la kompyuta likanijibu: "Maganga anaendesha kazi. Subiri." Sijanywa hata chai.

Mwenzangu huyu yuko Usoke kwa wakulima tangu jana, anaandaa sauti kwa kompyuta yake kutokea huko. Ni sauti yake mwenyewe, kwa Kinyamwezi. Programu yetu itawapigia wakulima simu, yeye awaambie mvua ipi ni ya kweli na ipi ya uongo. Mwaka jana walipanda kwa mvua ya kwanza. Mbegu zikafia ardhini.

Tulikubaliana hivi: anayeendesha kazi anaufunga mradi, ili mwenzake asiguse kitu katikati akaharibu. Aliyefunga ndiye anayefungua. Kufuli halijifungui lenyewe, maana umeme wa Tabora ukikatika, kazi ya asubuhi hulala nusu mpaka kesho, na mwenzake angeiingilia.

Nimempigia nimtukane. Amecheka. "Wewe Mgogo, babu zako walituzuia njiani na mizigo kichwani mpaka tulipe hongo ya maji. Leo zamu yako kusubiri."

Mshenzi.

Jumanne, 5 Novemba

Bado. Umeme umekatika Usoke, kazi imeishia njiani. Anasema atarudi kesho aimalizie hapa. Nimefagia ofisi. Nimekula michembe yake, vile viazi vitamu vikavu, iliyokuwa kwenye droo. Atajijua.

Jumatano, 6 Novemba

Maganga amekufa.

Pikipiki na lori la tumbaku, njiani akirudi. Wamenipigia kwa simu yake. Niliona jina lake nikapokea nikicheka.

Ijumaa, 8 Novemba

Bukene. Tumemzika kwao.

Mgogo ni mtani wa Mnyamwezi, na mtani msibani ana kazi yake. Anaingia kaburini analala, hatoki mpaka apewe chochote. Anawacheka wanaolia. Anatembea kama marehemu alivyotembea. Mgogo nilikuwa mimi peke yangu, na watu walinitazama, wakanisubiri. Sikuweza. Nililia kama dada yake. Bibi mmoja akasonya: "Mtani gani huyu, analia?"

Mama Maganga aliangalia pembeni. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 11 Novemba

Ofisini. Nimeandika amri.

"Maganga anaendesha kazi. Subiri."

Kulivunja kufuli ni mstari mmoja tu, naujua kwa kichwa. Sikuuandika. Kila mtu sasa anasema alikuwa. Alikuwa mcheshi, alikuwa mchapakazi. Hapa tu ndipo bado anafanya kitu. Nimezima kompyuta nikaenda nyumbani mchana.

Jumatano, 13 Novemba

Mzee Kalunde amepiga simu kutoka Usoke. Ndiye mwenyekiti wa wakulima. Shikamoo, marahaba, poleni na msiba. Kisha akauliza: mvua imenyesha jana, wapande? "Kijana alituahidi simu. Tunaingoja."

Ni mvua ya uongo. Vipimo vyote vinasema hivyo, baada yake ni jua kali. Nimemwambia wasipande. Atawaambia jirani zake. Lakini vijiji ni vingi, na wengine nasikia majembe yameshatoka ndani.

Nimemkasirikia Maganga leo. Sana. Unafunga mradi halafu unakwenda zako.

Alhamisi, 14 Novemba

Niseme ukweli, hapa hakuna wa kunisikia. Si kufuli peke yake linalonizuia.

Simu ya kwanza kabisa itakwenda kwa mama yake. Maganga aliiweka namba hiyo juu ya zote, kwa majaribio na kwa mapenzi, maana mama naye analima. Nikifungua, nikaimalizia kazi, mama atapigiwa simu na mtoto aliyemzika juzi. Nikiifuta namba yake, nimemnyima kitu ambacho si changu.

Kesho kutwa naenda Bukene.

Jumamosi, 16 Novemba

Mama Maganga amenikaribisha kwa michembe na karanga.

Nimemweleza yote. Mradi, kufuli, jina la mwanawe kwenye kioo, namba yake. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Umekuja kuomba ruhusa?"

"Ndiyo, mama."

"Mtani haombi ruhusa. Vitu vya marehemu anaviondoa mtani, sisi ndugu mikono inatetemeka. Siku ile ya maziko ulitukosea, mwanangu. Ulituacha peke yetu. Nenda kafungue."

Kisha akasema namba yake nisiifute.

Akaanza kulia. Na mimi nikaanza. Halafu nikakumbuka kazi yangu. Nikasimama katikati ya nyumba yake nikamwambia kwamba Maganga alikuwa mvivu wa kupindukia, na amekufa makusudi ili Mgogo ammalizie kazi. Nikamwambia michembe aliyompakia mwanawe nimeikula mimi, yote, na wala sijutii. Nikatembea kama Maganga, bega moja juu, nikitafuta funguo mfukoni.

Mama alicheka. Alicheka akiwa ameshika mlango, machozi yanamtoka. Akanipa kuku mmoja, kama malipo ya mtani. Nimesafiri na kuku huyo kwenye basi hadi Tabora.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeandika ule mstari. Kioo kikasema: "Mradi umefunguliwa." Basi. Hakuna kingine kilichotokea.

Sauti alizorekodi zilikuwa zimeshafika kwenye mradi, nikaianza kazi yake upya toka mwanzo. Mradi ukajifunga kwa jina langu. Umeme haukukatika.

Jumanne, 19 Novemba

Simu zimeanza kwenda asubuhi. "Mwangaluka. Mimi ni Maganga wa Bukene. Msipande bado, subirini." Kwa Kinyamwezi, na kile kikohozi kidogo cha mwanzoni ambacho nilimwambia akiondoe akakataa.

Mama hakupokea. Programu ikampigia tena. Akapokea.

Nilikuwa naangalia kwenye kioo. Ujumbe ulifika mwisho na yeye hakukata. Laini ilibaki wazi, kwa upande wangu hakuna wa kusema kitu, mpaka mashine ikaikata yenyewe.

Mzee Kalunde ametuma ujumbe: wamesikia, majembe yamerudi ndani.

Kuku bado yuko, nimemfunga mguu nyuma ya ofisi. Sijui kama nitaweza kumchinja.