Barua Sita za Profesa Msumeno

Mama, na wewe mdogo wangu, kaeni kwanza, maana kilichotokea asubuhi hii hata mimi bado sijakiamini. Nguo ziko kambani, mvua ikija zianueni. Chaja nimeondoka nayo, msinitukane.

Si mnajua nasubiri barua za mapendekezo za maprofesa watatu, nikaombe shahada ya pili vyuo sita? Wawili walishatuma. Akabaki Msumeno, yule mkata alama, na mwisho ni leo saa sita mchana. ~~Sikuwa na wasiwasi.~~ Nilishakata tamaa, Mama ulinisikia nikilia bafuni.

Saa moja akapiga simu. "Binti, ombi lako limeniita kwa jina la mwenzangu." Nilinakili ujumbe mmoja kwa wote, nikasahau kubadilisha jina. Nikatamani ardhi inimeze.

Kumbe kaandika barua sita, kila chuo na ya kwake. Akanisomea moja. Jamani, anakumbuka hadi kiti nilichokalia na swali nililouliza siku ya kwanza.

Ila kaandika pia kwamba nilifeli somo lake, nikarudia, nikaongoza darasa. "Hiyo ndiyo sababu nakuamini," akasema. "Lakini ni siri yako. Njoo uniambie niiache au niifute, ndipo nitume."

Hilo la kufeli sikuwahi kuwaambia. Nisameheni.

Nimekimbilia ofisini kwake. ~~Namwambia afute.~~ Namwambia aiache. Nyinyi mngemwambiaje?

Binti yako, Mama. Dada yako, wewe mvivu. Anua nguo.