Waya Mahali pa Fyuzi

Gihosha, Bujumbura

Mdogo wangu Zaituni,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba fyuzi iliyoungua ndiyo ugonjwa wa friji. Fyuzi huungua kwa sababu ya kitu kingine, na kitu hicho ndicho cha kutafuta. Nisamehe kwa kutanguliza somo kabla ya salamu. Mimi ni mzima, goti tu linanisumbua ninapopanda mlima wa huku nikitoka shuleni. Naamini nawe ni mzima, na kwamba Mama anachoma sindano zake za sukari kwa wakati.

Juzi kwa simu uliniambia kwa furaha kuwa friji imepona, mkweo Rashidi ameweka waya mahali pa fyuzi. Nilipokuonya ulicheka, ukasema hata kwa simu mimi nafundisha tu. Ndiyo maana naandika.

Mwezi uliopita friji ya Mama Espérance, mwenye nyumba ninayopanga, ilizimika. Hapa mtaani umeme ukikatika, watu hawachomoi friji. Wanaiacha makusudi, kwa kuwa mngurumo wake ndio unaowapa habari kwamba umeme umerudi. Lakini umeme unaporudi, mara nyingi huja na nguvu kupita kiasi, na friji iliyochomekwa ndiyo inayoupokea.

Fundi Jumaine aliitwa. Alifungua nyuma, akakuta fyuzi imeungua, akaunganisha kipande cha waya wa shaba. Friji ikanguruma, Mama Espérance akamletea soda. Nilikuwa nimesimama pale, nikauona unene wa ule waya, nikaanza kusema neno. Jumaine akanikatiza: "Mwalimu, we fundisha batoto. Fusible inakufa kila siku, waya yangu haikufi." Watu wakacheka, nami nikanyamaza. Sikutaka kumwaibisha mbele ya mteja wake.

Siku ya nne umeme ulikatika, ukarudi tukiwa tunakula chakula cha mchana. Moshi ulitoka nyuma ya friji na ukuta ukaanza kuwa mweusi. Nilikimbia kuzima swichi kuu. Moshi ulipopungua, Mama Espérance aliniuliza polepole, "Mwalimu, siku ile we uliona?"

Nikamjibu kwamba niliona.

"Na ukanyamaza juu ya nini?"

Badala ya kumtajia sababu, Zaituni, nilimwomba aniachie bodi ya friji, lile bamba la vifaa vya umeme lililoungua.

Kila mtu alisema itupwe. Mimi niliifanyia kazi alasiri mbili. Nilisafisha masizi kwa spiriti na mswaki mkuukuu. Karibu na mahali umeme unapoingilia kuna kidude bapa cha buluu, ukubwa wa kifungo cha koti. Umeme ukizidi nguvu, hicho huupitisha kwa wingi, fyuzi inakatika, na bodi inapona. Kilikuwa kimepasuka tangu siku ile friji ilipozimika. Jumaine alipoweka waya, hapakubaki tena kitu cha kukatika, kwa hiyo umeme uliporudi kwa nguvu, bodi yenyewe ikaungua. Nikaweka kidude kipya na fyuzi mpya ya namba ileile, nikaunga upya njia ya shaba iliyokatika. Nilipoijaribu, kimya. Kumbe kiungo kimoja sikukilehemu vizuri. Nikaanza upya. Jumaine mwenyewe alikuja kunishikia tochi, akasema, "Professeur, unaisahihisha kama daftari." Ilipoanza kunguruma akaniomba nimwonyeshe tena kile kidude.

Sasa tuje kwenu. Kwenye picha ya bodi yenu aliyonitumia mwanao Amina, kidude cha buluu kimepasuka vilevile. Friji yenu inafanya kazi, lakini haina kinga yoyote. Ndani yake kuna dawa ya Mama ya mwezi mzima, na kitanda chake kiko upande wa pili wa ukuta huohuo. Safari hii sinyamazi, hata ukinicheka.

Bi Salima, mfanyabiashara wa vitenge anayekuja huko kwa basi, anakuletea barua hii pamoja na bahasha yenye fyuzi mbili na kidude kimoja. Mpe Rashidi. Usimgombeze, alitaka kusaidia, na mkono wake ni mzuri. Mwambie akishaichomoa friji asubiri dakika kumi kabla ya kuigusa bodi, maana umeme hubaki ndani yake kwa muda.

Mpe Mama shikamoo yangu. Nisalimie Shangazi Tatu aliyetulea, na Amina na mumewe Rashidi. Msalimie pia jirani yako Mama Hadija. Nimeshazungumza naye, amekubali dawa ya Mama ikae kwenye friji yake mpaka yenu itengenezwe.

Ni mimi kaka yako, ninayekuwaza kila siku,

Mussa

Kabla hujaikunja barua hii, nenda ukachomoe friji.