Niliunganisha kwa Majina

Jumatatu, 3 Machi
Ofisini Bukoba. Mvua tangu asubuhi. Nimeunganisha majedwali mawili ya kanzidata, la wakulima na la ukaguzi wa mnyauko wa migomba. Sasa ni orodha moja: jina, kijiji, hali ya shamba. Fomu nyingine hazina namba ya mkulima, nikaunganisha kwa majina. Bosi kasifu.

Alhamisi, 6 Machi
Kikosi cha kufyeka migomba yenye mnyauko kimekwenda Kamachumu na orodha yangu. Wamefyeka kibanja chote cha migomba cha mjane, Adelina Kokugonza. Bwana shamba, Projestus, kapiga simu.
"Nimepasua mashina kumi. Yote mazima. Nani alisema huyu mama ana ugonjwa?"
Nikasema nitaangalia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeangalia. Adelina Kokugonza wako wawili. Migomba inayoumwa ni ya yule wa Kemondo. Hawa wawili namba zao zilikuwepo. Uvivu wangu tu.
Nimerekebisha kimyakimya. Bosi amemkaripia Projestus mbele ya ofisi nzima, eti alikionyesha kikosi nyumba siyo. Nilikuwepo. Nikatazama kibodi.

Jumapili, 9 Machi
Misani sikukomunika. Mama yangu akaona. Kapika ndizi. Zimenishinda.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwambia bosi, Projestus akiwepo. Kikosi kimekwenda Kemondo leo hii. Ugonjwa umeshaingia kwa jirani. Ni zile siku tatu nilizokaa kimya.
Projestus hakunitazama.

Jumanne, 11 Machi
Kamachumu. Migomba imelala chini, majani yamekauka. Nyumba inaonekana toka barabarani. Zamani haikuonekana, kasema Projestus.
Nilipiga magoti mbele ya Mama Adelina. "Mama, ni mimi. Nilichanganya jina lako na la mwingine."
"Migomba hii niliikuta imepandwa na mama mkwe. Ulikuja kuiona kabla?"
"Hapana, mama."
"Basi itazame sasa, mwanangu."
Nikaitazama. Angenitukana nisingeumia hivi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimepeleka Kamachumu machipukizi ya migomba kutoka kwa mama yangu, Kahororo. Projestus ameyakagua moja moja, kayapitisha. Mama Adelina alipima kwa hatua, akachomeka kijiti kila mahali pa kuchimba. Mimi nikachimba. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.
Tumepanda kumi na sita. Viganja vimechubuka.